Fahamu kipimo cha kuvuta: uthibitisho wa mshikamano wa viraka na rangi za kinga kwenye zege katika mazingira ya Singida

Daraja la Sibiti, lenye urefu wa mita 82, linaunganisha Wilaya ya Mkalama mkoani Singida na Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, juu ya mto unaotoa maji Ziwa Kitangiri na kuyapeleka Ziwa Eyasi. Upande wa kusini mwa mkoa, katika Wilaya ya Manyoni, reli ya kisasa inapita Makutupora kuelekea Tabora, jirani na Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kati ya miundombinu hiyo mikubwa yapo makalavati ya barabara za vijijini, matangi ya maji, nguzo za madarasa na sakafu za vituo vya afya. Kwa sehemu kubwa vyote hivyo vimejengwa kwa zege, na zege lolote, hata lililojengwa kwa uangalifu, hufikia siku likahitaji kukarabatiwa au kupakwa rangi ya kinga.

Siku hiyo inapofika, swali la msingi huwa ni moja: je, kilichoongezwa kimeshikana na kilichokuwepo? Kiraka kinaweza kuwa laini, kikawa na rangi inayofanana na ukuta, kikapita mbele ya macho ya wakaguzi na kupokelewa, ilhali chini yake kimeachana na zege la zamani. Kwa kuwa jicho halioni mshikamano, wahandisi hutumia kipimo cha kuvuta. Katika kipimo hicho, kisahani cha chuma hugandishwa juu ya kiraka au rangi, kisha huvutwa kwa mashine hadi kitu fulani kikatike. Nguvu iliyotumika hupimwa, na mahali palipokatika huchunguzwa. Kati ya taarifa hizo mbili, ya pili mara nyingi ndiyo inayoeleza zaidi.

Mshikamano na kazi ya kiraka

Zege hustahimili mgandamizo vizuri, lakini ni dhaifu likivutwa. Nguvu yake ya kustahimili kuvutwa ni takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kustahimili mgandamizo. Zege lenye uwezo wa kubeba megapaskali 25 za mgandamizo, kwa mfano, huweza kukatika linapovutwa kwa takribani megapaskali 2.5 tu. Megapaskali moja ni sawa na nguvu ya newtoni 1 kwenye kila milimita moja ya mraba.

Kiraka kilichobandikwa juu ya zege la zamani huanza kuvutana nalo mara tu kinapoanza kukauka. Zege la zamani limekwisha kusinyaa kwa miaka mingi, wakati kiraka kipya ndicho kwanza kinaanza kusinyaa. Jua la mchana hukipasha joto na kukitanua, na baridi ya usiku hukirudisha. Juu ya daraja, magurudumu ya malori huongeza mtikisiko. Nguvu zote hizo hukutana kwenye mpaka kati ya kipya na cha zamani. Mpaka huo ukiwa imara, sehemu mbili hufanya kazi kama mwili mmoja. Ukiwa dhaifu, ufa huanzia pembeni, maji huingia chini ya kiraka, nondo hupata kutu, na kutu inapoongezeka hukisukuma kiraka nje.

Hapo ndipo hasara huwa kubwa kuliko gharama ya kiraka chenyewe. Methali ya wahenga husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika zege, hata aliyeziba ufa anaweza kuujenga ukuta upya iwapo kilichoziba hakikushika, kwa sababu kiraka kilichoachana huficha kutu inayoendelea na kumpa msimamizi imani isiyo na msingi.

Hali ya Singida na athari zake kwenye zege

Singida ni mkoa wa ukanda wa kati wenye mvua za msimu mmoja, zinazoanza kati ya Novemba na Desemba na kumalizika mwezi Aprili. Miezi mingine ni mikavu, na upepo wake ni mkali kiasi kwamba mkoa umekuwa ukitajwa kwa miaka mingi katika mipango ya kuzalisha umeme wa upepo. Kwa fundi wa zege, hali hiyo ni changamoto ya kila siku.

Upepo mkavu hunyonya maji kwenye uso wa kiraka kabla saruji haijapata muda wa kugeuka kuwa jiwe. Wahandisi hutumia kigezo kinachofahamika kimataifa: maji yanapopotea kwa kasi ya kufikia kilo 1 kwa kila mita ya mraba kwa saa, zege bichi huwa katika hatari ya kupasuka. Kasi hiyo hutegemea mambo manne, ambayo ni joto la hewa, joto la zege lenyewe, unyevu wa hewa na mwendo wa upepo. Mchana wa kiangazi kwenye uwanda ulio wazi, yote manne huweza kumwelemea fundi kwa pamoja. Kiraka chembamba huathirika zaidi, kwa kuwa hakina akiba kubwa ya maji ndani yake.

Kiangazi huleta vumbi pia. Zege lililosafishwa asubuhi linaweza kuwa na tabaka jipya la vumbi ifikapo saa sita mchana, na vumbi hilo likibaki, kiraka hushika vumbi badala ya kushika zege.

Jambo la tatu ni chumvi. Maziwa ya Singidani na Kindai yaliyopo katika Manispaa ya Singida yana maji ya chumvi, na si kila maji yanayopatikana karibu na eneo la kazi yanafaa kuchanganyia au kumwagilia zege. Kiwango cha Ulaya EN 1008 kinaelekeza kwamba maji ya kuchanganyia zege lenye nondo yasizidi miligramu 1,000 za kloridi kwa lita, na yasizidi miligramu 2,000 za salfeti kwa lita. Aidha, chumvi iliyoingia ndani ya zege husafiri pamoja na unyevu, kisha hugeuka fuwele chini ya rangi ya kinga. Fuwele hizo hukua na kuisukuma rangi hadi itoe malengelenge na kubanduka.

Hatua za kufanya kipimo

Kabla ya kipimo cha kuvuta, mafundi na wakaguzi hutumia nyundo. Kiraka hugongwa taratibu eneo lote, na sauti ya uwazi huonesha mahali palipokwisha kuachana. Njia hiyo ni ya haraka, haina gharama na haipaswi kuachwa. Hata hivyo, nyundo hueleza tu kama kuna uwazi au hakuna. Haiwezi kutofautisha kiraka kilichoshika kwa nguvu na kile kinachoning'inia kwa nguvu ndogo kikisubiri mvua ya kwanza.

Kipimo cha kuvuta hufuata hatua zinazoelezwa na viwango vya kimataifa, vikiwemo ASTM C1583 cha Marekani na EN 1542 cha Ulaya kwa viraka na matabaka mapya ya zege, pamoja na ASTM D7234 kwa rangi za kinga.

Hatua ya kwanza ni kuchagua mahali. Msimamizi ndiye huchagua, si mkandarasi, na nondo hutafutwa kwa kifaa maalumu ili zisikatwe. Kwa mujibu wa ASTM C1583, umbali kutoka kitovu cha sehemu moja ya kipimo hadi kitovu cha nyingine usipungue mara mbili ya kipenyo cha kisahani.

Hatua ya pili ni kukata duara kwa drili yenye kinywa cha mviringo. Kwa kawaida duara huwa na kipenyo cha milimita 50. Drili hupita katika kiraka chote na kuingia ndani ya zege la zamani. EN 1542 huelekeza iingie takribani milimita 15. Lengo ni kulitenga eneo linalopimwa, ili nguvu yote ya kuvuta ishuke hadi kwenye mpaka na isisambae pembeni.

Hatua ya tatu ni kusafisha na kukausha uso wa duara hilo, kisha kugandisha kisahani cha chuma kwa gundi ya epoksi. Gundi hupewa muda wa kukomaa kama mtengenezaji wake alivyoelekeza. Gundi inayozidi pembeni huondolewa kabla haijakauka, isije ikaziba mfereji uliokatwa na kukishikisha kisahani kwenye eneo la nje ya duara.

Hatua ya nne ni kuvuta. Mashine hufungwa juu ya kisahani ikiwa imesimama wima kwa uso unaopimwa, na mkono wake huzungushwa kwa mwendo usiobadilika. EN 1542 huelekeza nguvu iongezeke kwa kasi ya megapaskali 0.05 kwa sekunde. Kipimo kinachotakiwa kufika megapaskali 1.5, kwa mfano, huchukua takribani nusu dakika. Kuvuta kwa pupa hutoa namba kubwa isiyo ya kweli.

Hatua ya tano ni kuandika nguvu iliyofikiwa, kupiga picha pande zote mbili za mkatiko, na kuziba shimo kwa mchanganyiko uleule uliotumika kwenye kiraka.

Namna ya kukokotoa

Hesabu yake ni nyepesi. Nguvu iliyofikiwa, kwa newtoni, hugawanywa kwa eneo la duara, kwa milimita za mraba. Duara lenye kipenyo cha milimita 50 lina eneo la milimita za mraba 1,963. Ili kufikia megapaskali 1.5, mashine inapaswa kuvuta kwa takribani newtoni 2,945, sawa na kuning'iniza uzito wa kilo 300 kwenye kisahani kinachotosha kiganjani. Kwa megapaskali 2.0, uzito huo hufikia kilo 400.

Chukulia mfano wa kufundishia. Mkataba unadai wastani wa megapaskali 1.5. Vipimo vitatu vimefanyika kwenye kiraka cha ukingo wa kalavati. Cha kwanza kimefika newtoni 3,400, cha pili 3,100 na cha tatu 2,200. Majibu yake ni megapaskali 1.73, 1.58 na 1.12, na wastani ni 1.48. Kwa anayetazama wastani pekee, kazi imekosa kidogo tu, na anaweza kushawishika kuipokea.

Msimamizi makini hugeuza visahani na kutazama upande wa chini. Kwenye kipimo cha kwanza na cha pili, mkatiko umetokea ndani ya zege la zamani, na kokoto zake zimeng'oka pamoja na kiraka. Maana yake ni kwamba mshikamano ni imara kuliko zege lenyewe, na hakuna fundi ambaye angeweza kufanya zaidi ya hapo. Kwenye kipimo cha tatu, kiraka kimetoka kikiwa safi, na uso wa zege la zamani umebaki laini wenye vumbi jeupe. Hapo usafishaji haukufanyika ipasavyo. Tofauti ndogo ya wastani imeficha kasoro kubwa ya eneo moja, na hatua inayofaa ni kuongeza vipimo kuzunguka eneo hilo, si kujadili sehemu mbili za mia za megapaskali zilizopungua.

Kusoma mahali palipokatika

Mkatiko unaweza kutokea sehemu nne, na kila sehemu ina maana yake.

Ukitokea ndani ya zege la zamani, mshikamano ni mzuri kuliko namba inavyoonesha. Iwapo namba ni ndogo, tatizo ni zege la zamani lenyewe: huenda lilikuwa dhaifu tangu awali, au lilijeruhiwa na nyundo nzito za mashine wakati wa kuandaa uso, zikaacha nyufa ndogo zisizoonekana.

Ukitokea kwenye mpaka, maandalizi ya uso ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Vumbi, mafuta, utando dhaifu wa saruji unaobaki juu ya zege, au uso uliokauka kupita kiasi ni miongoni mwa sababu za kawaida.

Ukitokea ndani ya kiraka, kosa lipo kwenye mchanganyiko, ushindiliaji au umwagiliaji. Katika mazingira ya upepo mkavu, sehemu ya juu ya kiraka kisichofunikwa huwa dhaifu kuliko sehemu yake ya chini.

Ukitokea kwenye gundi ya kisahani, kipimo hakijapima kilichokusudiwa na hurudiwa. Ikiwa namba iliyofikiwa tayari imevuka kiwango kilichodaiwa, huandikwa kuwa mshikamano ni mkubwa kuliko namba hiyo.

Kwa sababu hiyo, taarifa ya kipimo yenye namba tupu, isiyotaja mahali pa mkatiko wala kuambatisha picha, haijakamilika.

Viwango vinavyodaiwa

Mfululizo wa viwango vya Ulaya EN 1504 hugawa bidhaa za kukarabati zege katika madaraja manne. Daraja R4, lenye nguvu kubwa zaidi, hudaiwa mshikamano usiopungua megapaskali 2.0. R3 hudaiwa 1.5, na R2 na R1 hudaiwa 0.8. R4 na R3 ni kwa sehemu zinazobeba mzigo, kama nguzo na mihimili, wakati R2 na R1 ni kwa sehemu zisizobeba mzigo.

Kwa rangi na matabaka ya kinga, viwango hutegemea ugumu wa rangi na kama juu yake vitapita vyombo vya usafiri. Rangi inayonyumbulika na isiyopitiwa na vyombo hudaiwa wastani wa megapaskali 0.8, na inayopitiwa hudaiwa 1.5. Rangi ngumu hudaiwa 1.0 isipopitiwa na 2.0 ikipitiwa.

Ni muhimu kufahamu kwamba namba hizo hupatikana maabara, juu ya vibao vya zege imara vilivyoandaliwa maalumu. Kwenye eneo la kazi hali ni tofauti. Zege la zamani lenye uwezo wa kubeba megapaskali 15 za mgandamizo haliwezi kutarajiwa kuvutwa kwa megapaskali 2.0 bila kukatika, hata kiraka kikiwa bora kiasi gani. Ndiyo maana kipimo cha kuvuta hufanyika mara mbili katika mradi ulioandaliwa vizuri. Mara ya kwanza hufanyika kabla ya ukarabati, kisahani kikigandishwa moja kwa moja kwenye zege la zamani lililosafishwa, ili kujua uwezo wake. Mara ya pili hufanyika baada ya kazi. Matokeo ya mara ya kwanza humwezesha mhandisi kuweka dai linalotekelezeka, na humlinda mkandarasi asilaumiwe kwa udhaifu alioukuta.

Mahitaji ya rangi za kinga

Rangi ya kinga hupakwa ndani ya tangi la maji ili lisivuje, kwenye nguzo za daraja ili maji yasifikie nondo, na kwenye sakafu za maabara na vyumba vya upasuaji ili zisafishike. Kwa tangi la maji ya kunywa, rangi lazima iwe imeidhinishwa kugusana na maji hayo.

Adui mkubwa wa rangi ya epoksi ni unyevu uliojificha ndani ya zege. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa asilimia 4. Njia rahisi ya kuuchunguza ni kubandika karatasi ya nailoni yenye upana wa takribani sentimita 45 kwa 45 na kuziba kingo zake zote kwa utepe. Baada ya saa 16 au zaidi karatasi hufunuliwa. Matone chini yake, au doa jeusi kwenye zege, huonesha kuwa unyevu bado unapanda. Vilevile, joto la uso wa zege linapaswa kuwa juu ya kiwango cha umande kwa nyuzi 3 za Selsiasi au zaidi, vinginevyo umande hutanda kati ya zege na rangi bila mtu kuuona. Katika nyanda za juu za Singida, ambako asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi, ukaguzi huo haupaswi kurukwa.

Kwenye kipimo cha rangi nyembamba, mduara wa kisahani hukatwa kwa uangalifu hadi kwenye zege pasipo kuitikisa rangi. Msimamizi huandika pia ni asilimia ngapi ya uso wa kisahani imetoka na zege, ngapi imeachana kwenye mpaka, na ngapi imekatika kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine.

Makosa yanayoharibu kipimo

Makosa manne hujirudia. La kwanza ni kukata duara lisilofika kwenye zege la zamani. Nguvu husambaa pembeni, na namba inayopatikana huwa kubwa kuliko hali halisi. La pili ni kukata au kuvuta kwa mshazari, jambo linaloelekeza nguvu upande mmoja na kutoa namba ndogo kuliko uhalisia. La tatu ni kuvuta kiraka kabla hakijakomaa. Kwa viraka vya saruji, umri wa siku 28 ndio unaotumika sana kwa kipimo cha mwisho. La nne ni kuchagua mahali pazuri pekee, kama katikati ya kiraka, na kuacha kingo ambako kuachana huanzia.

Njia hii ilivyoanza

Kipimo cha kuvuta kilipata msukumo nchini Uingereza katika miaka ya 1970. Mwezi Februari 1974, paa la bwawa la kuogelea la shule ya Sir John Cass huko Stepney, London, liliporomoka. Mihimili yake ilikuwa imejengwa kwa saruji yenye alumina nyingi, ambayo hupoteza nguvu kadiri miaka inavyopita, hasa kwenye joto na unyevu. Nchi ilijikuta na majengo mengi yenye mihimili ya aina hiyo, na haikuwezekana kuyabomoa yote ili kuyapima. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's, Belfast, waliendeleza njia ya kugandisha kisahani kwenye zege na kukivuta, ili kujua nguvu yake mahali lilipo na kuacha alama ndogo tu. Baadaye njia hiyo ilihamia kwenye viraka na rangi, ambako leo ndiko inakotumika zaidi.

Maandalizi yanayofanikisha kipimo

Kipimo hakiongezi nguvu ya kiraka. Kinachoongeza ni kazi ya fundi kabla na baada ya kujaza. Zege bovu huondolewa hadi kufikia zege lenye afya, na kingo hukatwa wima kwa grinda ili kiraka kisiishie kwa wembamba wa karatasi. Nondo husuguliwa kutu kwa burashi ya waya. Vumbi hupulizwa, kisha uso huoshwa kwa maji safi.

Kwa viraka vya saruji, zege la zamani hunyweshwa maji kwa saa kadhaa, na kwa kawaida tangu siku iliyotangulia, lakini maji yanayosimama juu yake huondolewa kabla ya kujaza. Zege linatakiwa liwe limeshiba ndani na uso wake usiwe na madimbwi. Likiwa kavu, hunyonya maji ya kiraka, na likiwa na madimbwi, huzimua saruji pale pale panapotakiwa nguvu. Rojo la saruji linalopakwa ili kuongeza mshikamano lazima lifunikwe na kiraka likiwa bado bichi. Likikauka, hugeuka kizuizi badala ya kiunganishi, na katika upepo wa kiangazi linaweza kukauka kwa dakika chache.

Baada ya kujaza, kiraka hufunikwa kwa magunia mabichi na karatasi ya nailoni na kuwekwa katika unyevu kwa muda usiopungua siku 7. Kufanya kazi asubuhi mapema au jioni, pamoja na kuweka kizuizi cha upepo, ni hatua za gharama ndogo zinazoonekana moja kwa moja kwenye matokeo ya kipimo.

Wajibu katika mikataba

Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na Wakala ya Barabara Tanzania (TANROADS), na za vijijini na mijini husimamiwa na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Huduma ya maji vijijini ipo chini ya RUWASA, na majengo ya Serikali yapo chini ya Wakala wa Majengo Tanzania na halmashauri. Kwa taasisi yoyote inayosimamia kazi ya ukarabati, kipimo cha kuvuta huwa na manufaa pale tu kinapotajwa mapema katika mkataba.

Mkataba unaojitosheleza hutaja mambo matano: kiwango kinachofuatwa, namba inayodaiwa kwa wastani na kwa kipimo kimoja kimoja, idadi ya vipimo kwa eneo, nani huchagua mahali pa kupima, na hatua zitakazochukuliwa kipimo kisipofaulu. ASTM C1583 huelekeza vipimo visivyopungua vitatu kwa kila hali inayochunguzwa. Gharama ya vipimo huwekwa kwenye jedwali la gharama kama kazi inayojitegemea, ili mkandarasi asione faida katika kuviepuka.

Katika miradi inayotekelezwa kwa mafundi wa maeneo husika, ambako mashine ya kuvuta huenda isiwepo kila siku, kamati za ujenzi zinaweza kugonga kiraka kwa nyundo, kusimamia usafi wa uso na kutunza kumbukumbu za umwagiliaji. Mashine inaweza kuletwa kwa siku moja kupima maeneo yaliyochaguliwa. Kamati yenye picha za uso ulivyokuwa kabla ya kujazwa huwa na ushahidi ambao hakuna rangi inayoweza kuufunika.

Ukarabati wa zege hulipwa kwa fedha za umma na hubeba usalama wa wananchi wanaovuka daraja, wanaochota maji na wanaotibiwa katika majengo hayo. Shimo la milimita 50 linaloachwa na kipimo huzibwa kwa dakika chache. Bila shimo hilo, wa kwanza kujua kama kiraka kilishika atakuwa msafiri wa masika, siku ambayo mto umejaa.